Kutoka Pili Kwenda Mosi

Miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma ya mizani
katika kiwanja kidogo cha ndege, Apia,
nikipima watu.
Si mizigo tu; watu wenyewe,
maana ndege yetu ni nyepesi, na rubani Tavita
hutaka kujua nani akae mbele, nani nyuma.
Wanawake huvua viatu, hushusha pumzi,
kana kwamba pumzi nayo ina kilo.

Wageni huuliza: Pago Pago ni mbali?
Nami hujibu bila kuinua kichwa:
kilomita mia na thelathini hivi,
dakika thelathini na tano, arobaini upepo ukikaidi.
Ukiondoka saa tatu asubuhi ya Jumapili
utatua kabla ya saa nne asubuhi
ya Jumamosi.
Hucheka. Huzipiga picha saa zao.

Haikuwa hivi. Zamani tuliamkia siku moja,
sisi na wao, lugha moja, koo zilezile.
Kisha mwaka ule serikali yetu ikairuka Ijumaa nzima:
tukalala Alhamisi, tukaamka Jumamosi,
na bahari haikuongezeka hata wimbi.

Jana, Jumamosi, saa kumi jioni, nilimpigia dada yangu Vaosa.
Kwake ilikuwa Ijumaa, katoka zamu kiwandani,
mikono bado inanuka jodari.
Tuligombania mkeka wa mama,
ule laini kama kitambaa, uliosukwa miezi kumi na minne,
alioubeba siku ya mazishi bila kuniuliza.
Nikamwambia neno.
Sitaliandika hapa. Lilikuwa fupi.
Lilivuka zile kilomita zote
kabla sijafumba mdomo.

Usiku sikulala. Nikapiga hesabu, hesabu za mtu wa mizani:
nikiruka kesho, Pili, nitashukia Mosi,
siku ileile niliyolitamka.
Saa nne nitakuwa mlangoni kwake,
na saa kumi itakuwa bado iko mbali.

Asubuhi nikapanda mizani yangu mwenyewe.
Tavita akainama, akasoma.
"Umeongezeka, Losivale."
Sikubisha.

Wingu. Maji. Wingu.
Mtoto wa kiti cha mbele hakumaliza hata biskuti zake,
mlima wa Pago ukatokea, umevaa mvua yake ya kila siku.

Vaosa alikuwa uani anafua.
Juu ya ukuta wa mawe mkeka umetandazwa,
umegeuzwa upande wa ndani uote jua,
vile vile mama alivyokuwa akifanya.
Nikasema: "Leo Jumamosi. Nimewahi.
Sijakutukana bado."

Hakucheka. Akakung'uta povu vidoleni.
"Wewe ulinitukana Ijumaa," akasema.
"Jumamosi hii nimeamka nalo,
nimechemsha nalo chai, nimefua nalo."

Ndege ya kwenda Ijumaa hatuna.
Hata Tavita hana.

Akaninyoshea ncha ya shuka, bila kunitazama.
Nikaishika.
Yeye akazungusha kulia, mimi kushoto,
shuka likajinyonga kati yetu, likalia maji,
tukazidi kukamua hata pale lilipokuwa limekauka.

Umbali: mita mbili, labda na nusu.
Muda wa safari,
mimi niliyewajibu wageni miaka yote hii,
sijui.