Mizani ya Asali

Mizani ya Kitete iligomea mia na hamsini.
Nesi akaitazama, akanitazama, akatazama ukuta.
"Jaribu ghala la asali, Mama Kalunde, pale Cheyo."

Wakashusha ndoo sita, wakanipandisha mimi.
Kijana wa daftari, bila kucheka (Mungu amlipe),
akaandika kwenye ukurasa wa wauzaji:
*Nyamizi Mgalula, mia moja sitini na nane.*
Chini yangu: *asali mbichi, ndoo sita.*

Mimi ni fundi cherehani.
Kwa futi kamba najua viuno vya nusu ya Isevya.
Changu sijakipima tangu nimzae Kalunde.

Daktari wa upasuaji alikuja kutoka Dar kwa wiki moja.
Dokta Rweyongeza, mrefu, mikono baridi.
Hakuniuliza nimekula nini.
Alichora matumbo mawili nyuma ya bahasha ya eksirei.

La kwanza: "Tunakata pembeni, linabaki jembamba
kama mkono wa gauni."
Nikamwambia, mkono wa gauni naujua, daktari.
Kitambaa kikishapita mkasi hakirudi kwenye jora.
"Hata tumbo halirudi," akasema,
tukacheka wote wawili, kisha tukaacha.

La pili: kijifuko kidogo kama yai la kuku,
na njia mpya kutoka pale hadi chini ya utumbo,
tumbo la zamani likiachwa kando, hai, bila abiria.
Hiyo nayo naijua.
Marehemu baba Kalunde alikuwa mgeuza reli hapa stesheni:
anavuta wenzo mmoja, na treni ileile
inakwenda Mwanza, au inakwenda Kigoma.
Hakuwahi kuniambia njia ipi ni bora.
Alikuwa anauliza tu: mzigo ni wa wapi?

Mimi nilishachagua ule mkono wa gauni.
Mwashi jirani alisema, kata kidogo, urudi kwenye cherehani.
Kanisani walisema, funga siku arobaini.
Shemeji alisema, ukikonda watu watasema
umepata ule ugonjwa aliokuachia kaka.

Basi daktari akauliza, kama mtu anayeuliza saa:
"Kiungulia je?"

Nikanyamaza.

Miaka minne nalala nimekaa,
mito mitatu mgongoni, vidonge vya kutafuna kwenye pindo la kanga,
saa nane za usiku tindikali inapanda kooni
kama moshi ndani ya bani la tumbaku, hauna pa kutokea.
Sikumwambia mtu.
Mnene akilalamikia tumbo, watu hutazama sahani yake.

Nikasema. Yote, na mito nikaihesabu.

Akaikunja bahasha, tumbo la kwanza likaenda nyuma.
"Ile ingekizidisha. Na sukari yako
inaisikia zaidi hii ya pili."
Halafu akanitajia bei isiyolipwa dirishani:
vitamini kila siku hadi kaburini,
damu kupimwa mwaka hata mwaka,
kula kijiko kwa kijiko, kama ninayelishwa na mkwe.
"Na vitamu, Mama. Asali hasa.
Ukilamba ovyo utatetemeka, jasho, moyo mbio."

Asali.

Baba yangu alipanda miti ya Ipole na moshi mkononi,
akanisomesha kwa masega.
Nililambishwa kabla sijapewa jina.

Nikaomba usiku mmoja.
Sitasimulia usiku ule. Ndoo ilikuwa jikoni, na kijiko kilikuwepo.

Asubuhi nikaipeleka ghalani.
Kijana akaipima: ishirini na sita na nusu.
Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa; aliona, hakusema.
"Na wewe, Mama, unapanda?"
"Niachie mstari," nikamwambia. "Nitakuja baada ya masika."

Akaacha mstari.
Njiani kidole kilikuwa bado kinanata.
Nilikifuta kwenye kanga,
karibu chote.