Zamu ya Usiku

Saa nane usiku baba anadai kipande chake.
"Kiko wapi? Sita moja nne. Bila kipande sishuki."
Mgodi wa Kilembe uliacha kumlipa kabla sijazaliwa;
sijui ni nani aliyemwambia kwamba leo kuna zamu.
Nampa kifuniko cha chupa ya dawa.
Anakipapasa, anaridhika,
anakibana katika mkono ule ambao bado unamtii.

Kikonzo kimemtoka,
kile alichonibembelezea, alichomposea mama.
Kiharusi kimekizoa kama Nyamwamba unavyozoa madaraja.
Kimebaki Kiswahili cha shimoni,
cha watu waliotoka kila upande kuchimba shaba:
Sukuma. Ngoja. Chini hapo. Taa yako iko wapi, wewe?
Basi na mimi nimejifunza kumwogesha kwa amri.
"Geuka, bwana." Anageuka.
Nikisema "tata, tafadhali,"
ananitazama kama mgeni aliyepotea njia.

Majirani walikuja wiki ya kwanza
na sukari, na sabuni ya mche, na maombi marefu.
Wiki ya sita alikuja Biira peke yake,
akasimama mlangoni akivuta hewa kwa mdomo.
Simlaumu. Harufu haizoeleki kwa hisani.
Kaka yangu Kule hutuma elfu hamsini kwa simu
na maneno: Mungu akubariki, dada, wewe una moyo.
Nina moyo. Nina pia kiuno.
Nilikuwa na meza ya samaki wa kukaanga kule Kasese mjini,
sasa anauzia mtu mwingine.
Nilikuwa na Bwambale, aliyesema atasubiri,
na kwa kweli alisubiri,
miezi kumi na minne.

Niseme na hili, maana kanisani halisemwi.
Siku moja alitema uji mara ya tatu
nikambana mkono kwa kucha,
pale juu, panapofunikwa na shati.
Hakulia. Alisema, "Jiwe limeniangukia."
Nikatoka nje nikafua shuka lililokuwa safi.

Tangu siku hiyo, alama ile ndiyo naipaka mafuta kwanza,
kabla ya mgongo, kabla ya visigino.
Imeshapotea. Naipaka.

Usiku huu kifuniko kimo kiganjani, mvua iko juu ya mabati,
naye ananiita Asumani. Huniita hivyo
nikimgeuzia ukutani asilalie kidonda.
Asumani simjui. Nadhani hakutoka.
"Asumani, umeingia zamu tangu lini?"
"Tangu mwaka juzi," nasema.
Anacheka, kicheko cha upande mmoja wa uso.
"Zamu gani hiyo? Watakuua hawa.
Panda juu. Lifti inakuja.
Vyombo niachie mimi."

Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.
Muda wote huu nimengoja mtu aniambie hivyo,
kaka, padri, nesi wa kituo,
hata mgeni tu wa kupita njia,
na anayeniambia ndiye mwenye kunifunga hapa.

Nikatii. Nikatoka hadi barazani.
Mlima haukuonekana, mto ulikuwa unasaga mawe,
nyumba zote za wachimbaji zimefunga macho.
Nikasimama muda wa kikombe kimoja cha chai,
bila chai.
Hakuna aliyeniita. Ningeweza kuhesabu hatua
kutoka pale hadi barabara ya lami.
Nilizihesabu. Ni mia mbili na kitu.

Niliporudi alikuwa macho.
"Asumani, si nimekwambia upande?"
"Nimesahau taa," nikamwambia.

Akakiweka kipande chini, kwa mara ya kwanza,
akaanza kulipapasa blanketi
kwa ule mkono mmoja,
kunitafutia.