Viungo

Nilimuaga mama: naenda Kiusa kutafuta viungo.
Akajibu kutoka jikoni, iliki imekwisha,
na mdalasini, kama bei haijapanda.
Sikumsahihisha. Viungo ni viungo.

Pijo ya baba, mia nne na nne, rangi ya maziwa yaliyolala,
iko juu ya matofali huko Pasua tangu Kwaresima.
Tumboni ina injini ya Toyota
iliyong'olewa kwenye gari la mtu nisiyemjua.
Fundi Kundaeli aliitazama paipu ya zamani,
shaba yenye unene wa penseli,
akaigonga kwa ukucha. Ikalia.
"Hii ilizoea kabureta," akasema.
"Kabureta huomba. Injini hii inadai.
Inataka baa tatu."

Baa tatu! Nikacheka peke yangu njiani.
Si za bia, hizo Moshi utazikuta kabla hujauliza,
wala si zile za nzige na njaa.
Ni msukumo tu, petroli ikisukumana gizani.
Lakini ipate tundu la sindano, karibu na ekzosi,
ndipo utakapojua neno halikukosea.

Bi Salha hauzi kabla hajahoji.
Ana miwani mbili, moja kichwani, moja puani.
Nilipotaja mpira wa bei nafuu
akainama, akatoa chini ya meza kipande kilichorudishwa na mteja,
akakiminya. Ndani kimelainika kama mtori.
"Huu nao ulikuwa mweusi, uling'aa.
Petroli haidanganywi na rangi."

Akanipangia juu ya gazeti:
chuma cha milimita nane, cha kwenda;
cha sita, cha kurudi;
mpira wenye maandishi yaliyochapwa ubavuni;
klipu za ukanda laini,
kwa sababu zile za meno huutafuna mpira
huku zikijifanya zimeushika.
"Na shaba?" nikauliza, kwa ajili ya baba.
"Shaba nzuri machoni. Ila ina kinyongo.
Inahesabu kila mtikisiko, haisemi,
hadi siku inapopasuka."
Nikamkumbuka baba, nikanyamaza.

Bomba la kurudi ndilo lililonichelewesha kaunta.
Injini ya zamani haikuwa nalo. Ilichopewa, ilimeza.
Hii hupewa zaidi ya shibe yake,
na kinachobaki hakimwagwi, kinarudi tangini
na joto kidogo, kwa kuwa kimeuona moto na hakikuungua.
Nilikaa Dar miaka kumi na mmoja.
Nikasema: mita nne.
Akapima tano. "Kona hazionekani dukani."

Kweli, kona zilikula ile mita yote.
Mdomo wa kwanza tulioupanua ulikwenda upande,
tukaukata. Wa pili ukapasuka. Kundaeli akatukana kwa Kipare,
akanywa maji, akaanza upya.
Kila shubiri mbili, kibano chenye kitambaa cha mpira,
chuma kisisuguane na chuma.
Jioni tukafungua swichi bila kuwasha.
Pampu ikavuma kama nyuki ndani ya debe.
Akapitisha kidole kikavu kwenye kila kiungo,
akakinusa, akasogea kwa kingine,
tisa, kumi,
cha kumi na moja akakinusa mara mbili.
"Hiki kinalia."
Basi tukazima, tukafungua. Giza likatukuta chini ya gari.

Nyumbani mama aliinusa ile karatasi ya iliki
kabla hata hajaifungua.
"Uliiweka mfuko gani?"
Nilimwonyesha: ule wenye nati tatu zilizobaki.
Hakusema neno. Akatwanga, akachemsha.
Chai ilikuwa na harufu ya Pijo asubuhi,
baba akiipasha moto injini uani.
Mama akamimina kikombe cha pili.
Wa kwanza ulikuwa bado umejaa mkononi mwangu.