Maneno Arobaini

Lebo ya makumbusho haizidi maneno arobaini.
Mkuu wangu wa kwanza alinifunza hivyo, Mtwara mjini,
mwaka ule korosho zilipoozea ghalani:
"Mgeni anasoma amesimama, Somoe.
Miguu ikimuuma, na historia imekwisha."

Nikaandika miaka ishirini na sita,
pua ikazoea naftalini kuliko asumini.
Kijiko: mti, sentimita ishirini na moja.
Ndonya: mpingo. Ilivaliwa na mwanamke. Jina halikuandikwa.
Jina halikuandikwa, jina halikuandikwa.
Nilichongewa hata mhuri wa maneno hayo,
wino wa zambarau.

Sasa nimestaafu, nakaa Mikindani,
chumba cha uani kwa dada yangu, naandika kitabu.
Majirani wanadhani naandika kesi ya kiwanja.
Wananiletea ming'oko ya kuchemsha, wananiuliza
hakimu ni nani.

Sura ya kwanza ni kibuyu.
Namba 417. Shingo ina ufa, umeshonwa kwa ukindu.
Ndani mna doa la njano lisilotoka.
Lebo yake niliandika mimi, nina miaka ishirini na minne
na uhakika wa miaka ishirini na minne:
*Kibuyu cha mganga. Kilitumika kwa uchawi. Masasi.*
Maneno saba. Thelathini na matatu yaliyosalia
niliona hayana kazi.

Watoto wa shule wakapita wakijitemea mate kifuani.
Mlokole mmoja akakikemea mpaka sauti ikamkauka.
Shehe mmoja akakisomea Ayatul Kursi, akarudi nyumanyuma.
Kibuyu kimekaa tu kwenye kioo chake.

Mpaka alipokuja fundi umeme kubadili taa,
kijana, Anakleti Hokororo, bisibisi mdomoni.
Akashuka ngazi kabla hajamaliza.
"Hiki cha kwetu. Babu wa baba yangu kabatiziwa humu."

Nikamjibu kwa upole wa ofisini. Nikamwonyesha lebo.
Akaisoma mara mbili. Akasema:
"Mama, nani kawaambia?"

Sikulala.

Mwaka wa vita, alivyosimulia, kanisa la makuti liliungua,
na mkatekista Yohana Nambunga alikuwa na watoto tisa
wa kuwabatiza, hana hata bakuli.
Akaenda kwa mwalimu wa chuo, jirani yake,
aliyekuwa na kibuyu cha zafarani ya kuandikia kombe,
aya zinazooshwa wagonjwa wakazinywa.
Na mwalimu naye alikirithi kwa mamaye,
aliyekitia unga wa kutambikia wazee wake
hata baada ya kusilimu, kimyakimya, alfajiri.

Nilivua glavu. Kazini ni kosa.
Nikaingiza kidole, nikanusa:
naftalini tupu.

Kama yote ni kweli, sijui.
Daftari la kanisa nimeliona: mchwa wamekula ukurasa huo
na wakauacha wa mapato ya mtama.
Lakini kitabu cha dua cha yule mwalimu kipo,
mjukuu wake anakiweka kwenye ndoo ya rangi, Chikongola,
na pembeni, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
mwandiko wa mtu mwenye haraka:
*Kibuyu kwa Yohana. Kirudi kabla ya Ijumaa.*

Hakikurudi.
Ijumaa ngapi hizo? Nilianza kuzihesabu, nikaacha.

Jana kijana aliyeshika meza yangu alinipigia simu.
Barua yangu imefika, inashughulikiwa,
ila kwa sasa, mama, pale kwenye lebo tuweke nini?

Ninazo kurasa sitini na mbili. Nikazitazama.

Andika: *Kimeazimwa.*

"Na nani?"

Acha nafasi, nikamwambia.
Acha nafasi kubwa.
Na ule mhuri wa zambarau, kama bado upo kwenye droo,
usiuguse.