Somo

Omaha, mwezi Machi, theluji imegeuka tope,
nami niko jikoni na jina lisilokubali kukaa sawa.
Korobchuk. Karabczuk. Korobtschik.
Karani mmoja alilisikia kwa sikio la Kijerumani,
mwingine kwa sikio la Texas lililojaa jasho,
na baba yake bibi, fundi cherehani,
alipochoka kusahihisha watu
alilikata pindo: Corbin,
kama suruali ya mteja mfupi.

Nilikuwa natafuta marabi, mashujaa,
walau mwizi mmoja wa farasi.
Nikapata safu za wino:
jina, umri, kazi, fedha mfukoni.
Zundel, thelathini na mmoja, mshonaji, dola kumi na moja.
Freyde, mkewe, hana kazi
(aliyeandika hivyo hakuiona mikono yake).
Motl, miaka sita. Leye, minne.
Kisha ukingoni, herufi zimebanana
kama abiria waliochelewa:
Gitl, miezi minane.

Chai ikapoa.
Gitl ni bibi yangu.
Lakini bibi alizaliwa hapa hapa, juu ya duka la mikate,
miaka miwili baada ya meli ile kufunga gati Galveston.
Cheti anacho; alitutolea kila tulipobishana naye
kuhusu umri wake, au kuhusu lolote.

Nikaifungua sensa ya mwaka uliofuata.
Wazazi wawili, watoto wawili.
Nikahesabu tena, kama aliyepoteza funguo
anavyourudia mfuko uleule.

Ndipo nikaukumbuka mshumaa.
Bibi aliuwasha ndani ya bilauri, kando ya sinki,
baridi ikikaribia kwisha, kila mwaka siku nyingine.
Nilidhani anasahau tarehe.
Kumbe alifuata mwezi mwandamo,
si kalenda ya benki iliyoning'inia ukutani.
"Wa nani, Bibi?"
"Mama aliwasha. Nami nawasha. Kula."

Nikawaandikia Galveston, chama cha mazishi.
Bwana Leschinger, mwandiko umetetemeka,
akanipelekea nakala ya ukurasa mmoja wa daftari:
*Mtoto wa abiria. Msichana.
Safu ya mwisho, kando ya uzio.
Sanda imelipwa na jumuiya.*
Basi.
Ilikuwa siku ya tatu tangu washuke melini.
Siku ya nne treni ilikwenda kaskazini,
tiketi zimekwisha kukatwa na watu wa hisani,
na hisani haina subira ya matanga.
Siku saba walizopaswa kukaa chini, nyumbani,
walizianzia kwenye benchi la behewa,
Motl akiuliza mbona mikono ya mama ni mitupu.
(Hili la Motl halimo katika daftari lolote.
Nimeliona mwenyewe, usiku, bila karatasi.)

Kwa hiyo huku nilikuwa na jina lisilo na kaburi,
kule wana kaburi lisilo na jina,
na katikati maili mia tisa za reli
ambazo Freyde hakuzirudi kamwe.
Alichofanya ni hiki: alizaa tena, msichana,
akampa jina lile lile.
Tangu hapo, kila alipomwita mmoja aje mezani
alikuwa akiwaita wawili.

Fundi wa mawe hutoza kwa herufi.
Gitl, herufi nne. Nimeongeza: binti Zundel.
Korobchuk nimeiacha;
hakuna aliyewahi kuipatia.

Imebaki fomu ya makaburini.
*Uhusiano wako na marehemu?*
Nafasi yenyewe ni ndogo kama ukucha.
Mimi nina miaka sitini na miwili, yeye ana miezi minane,
nimwite nani? Bibi?
Nimeuma kalamu mpaka wino umenigusa ulimi.
Kisha nikaandika, herufi zimebanana ukingoni:
mjukuu wa somo yake.