Alipouma

Saa kumi na moja alfajiri, Grimsby,
nakata kamba za magazeti kwa ufunguo wa duka.
Juu ya kila rundo, kiongozi wa upinzani,
Bi Garside, mdomo wazi,
pai nusu ndani, mchuzi kidevuni:
HATA KULA HAJUI.

Jana nilikuwa pale sokoni.
Dakika arobaini alizisemea wodi zilizofungwa,
mvua ikimlowesha karatasi;
wapiga picha wakifuta lenzi zao.
Kisha akasema, "Niwieni radhi, njaa,"
akauma.
Hapo ndipo kamera zilipoamka.

Nazitafuta zile wodi: ukurasa wa kumi na nne, mistari mitatu
chini ya tangazo la magodoro.

Mteja wa kwanza anacheka kabla hajalipa.
Gazeti lake namkunjia kinyume,
magodoro juu.