Daftari la Keko

Mimi ndiye niandikaye. Kushoto kilichotoka,
kulia kilichoingia, na katikati mstari mwekundu
niliouchora kwa rula iliyomeguka pembe.
Karakana ya Mama Kokushubira, Keko Magurumbasi:
vitanda, makabati, na meza za watu wa Masaki
wasiouliza bei mara mbili.

Shomari, mchonga nakshi: elfu arobaini kwa kitanda.
Pazi na Nasibu, wakata mbao: elfu kumi na tano kwa siku.
Kidawa, wa msasa: elfu nne,
na vumbi lote atakaloweza kubeba kifuani.

Ndipo akaja Rwegasira, mtoto wa kaka yake Mama,
kutoka Mlimani, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni.
"Shangazi, kwanza chungu kijae, ndipo tuzungumze vijiko.
Ukiwapa wote sawa, nani atatoka jasho?"
Nikaandika nauli yake ya kurudi. Kushoto.

Haba na haba hujaza kibaba, sikatai.
Ila daftari lina mdomo wake, huuliza:
haba ya nani?
Na kibaba kimefichwa uvunguni mwa kitanda cha nani?

Mwezi wa Ramadhani Kidawa hakuja.
Alipata kazi ya kufua Chang'ombe, elfu tano na futari.
Tukamweka kijana wa kupita, akapitisha msasa
kama mtu anayefukuza nzi.
Vitanda vitatu vikarudi juu ya kirikuu,
mteja kachomwa na kibanzi pajani, anataka hela zake.
Laki tisa. Kushoto. Mkono ulinitetemeka.

Mama akakasirika kwa njia yake: akatangaza usawa.
Kila mtu elfu kumi na mbili, mchongaji na mfagiaji.
Wiki ya kwanza tulicheka, tukanunua soda.
Wiki ya tatu maua ya Shomari yakaanza kunyauka kwenye mbao,
jani moja palipokuwa na matano.
"Mkono huu," akasema, "niliununua kwa miaka kumi na minane
na kidole kimoja." Akatuonyesha pengo.
Hakuna aliyemjibu. Pengo nalo lilikuwa na haki yake.

Basi nikafanya nisilotumwa.
Nikalifungua daftari juu ya meza isiyopakwa vanishi,
saa ya chakula, maharage yangali yanafuka,
nikasoma majina na tarakimu kwa sauti, hata langu,
hata la Mama, ambalo halikuwahi kusomwa.

Kimya. Randa ya jirani tu, ikikohoa.

Kisha wakabishana hadi wali ukapoa. Pazi alitukana.
Mama alitoka nje, akarudi, akaketi juu ya kopo la rangi
kama sisi.
Shomari abaki juu, walikubali wenyewe, kwa ajili ya kidole,
lakini si mara kumi.
Na wa msasa aitwe fundi, apewe barakoa,
na sehemu yake kwa kila kitanda kisichorudi.

Kidawa akaitwa. Akaja na masharti.

Rwegasira huniuliza kwa simu: "Vipi, karakana imekua?"
Sijui nimjibuje. Umeme bado hukatika,
mninga umepanda bei, Pazi bado ana kinyongo,
nami nimepunguziwa elfu mbili
na usiku huwa nazikumbuka.

Ila Jumamosi iliyopita aliingia mteja,
akapitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani, taratibu,
akitafuta kibanzi anachojua hakipo.
Futi tano kwa sita. Malipo kwa awamu sita.
Nikauliza jina la kuandika, kwa mazoea tu.
"Kidawa Mtoro," akasema, nyusi zimejaa unga wa mbao.

Miaka saba jina hilo limekaa kushoto.
Nikaliandika kulia,
awamu ya kwanza, elfu hamsini,
wino ukachelewa kukauka.